Make yakataa kuendesha majaribio

*Mtaalamu, nikiandika `make test` naambiwa kila kitu kiko sawa, lakini hakuna jaribio linaloendeshwa. Jana ilifanya kazi. Nimeharibu nini?*
*Msomaji, Morogoro*

Hujaharibu kitu, ndugu yangu. Tangu Stuart Feldman aiandike mwaka 1976, Make huchukulia jina la kazi kuwa jina la faili. Husoma Makefile kwanza, kisha hulinganisha saa za mafaili. Lililo jipya kuliko vyanzo vyake haliguswi. Yaelekea umeunda folda iitwayo `test`. Make imeikuta, ikaona kazi imekwisha.

Ongeza mstari huu kwenye Makefile, ili Make ijue kuwa `test` si jina la faili:

`.PHONY: test`

Ikigoma bado, andika `make -n test`: itakuonyesha amri bila kuzitekeleza. Usipoona amri yoyote, mwombe mwenzako mzoefu aisome Makefile hiyo pamoja nawe.