Kumbukumbu si Hifadhi: Kuchunguza Hitilafu za Tarakilishi Kuukuu

Makala haya yanahusu hitilafu za kumbukumbu na vifaa katika tarakilishi kuukuu ya mezani. Huenda msomaji akajiuliza mada kama hii inatafuta nini katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Jibu ni kwamba wengi wetu huandika tasnifu kwa mashine tulizorithi. Na kwamba hitilafu iliyonipata nyumbani Mwingi nusura igeuke msiba kwa sababu ya neno moja.

Nilikuwa nimekusanya ngano 32 za Wakamba katika sehemu za Kyuso na Tseikuru, nikazinukuu kwa Kikamba na kuzifasiri kwa Kiswahili. Ngano 9 kati ya hizo nilisimuliwa na nyanya mmoja ambaye alifariki kabla sijamaliza kazi. Simu niliyonasia sauti yake iliharibika baadaye. Hivyo basi, nakala pekee ya sauti na ya maandishi ilikuwa katika mashine moja ya Pentium 4 yenye vibao viwili vya kumbukumbu, kila kimoja megabaiti 512, na diski ya gigabaiti 80. Kutotunza nakala ya pili ni kosa langu, wala silitetei.

Mashine ilianza kujizima na kujiwasha yenyewe, hasa alasiri. Mara skrini ikawa ya buluu, mara faili iliyofunguka jana ikakataa leo. Fundi mmoja aliitazama kwa dakika chache akasema, "Memori imeharibika." Kisha akanishauri tufute diski yote na kuweka programu upya. Nilikaribia kukubali, maana maneno hayo mawili yalisikika kana kwamba yanafuatana.

Hapa ndipo penye tatizo la istilahi. Katika Kiswahili cha kawaida, kumbukumbu ni kitu kinachodumu: kumbukumbu za mkutano, kumbukumbu ya marehemu. Kumbukumbu ya tarakilishi ni kinyume chake. Ni meza ya kazi ambayo husafishwa kila umeme unapokatika. Kinachodumu ni diski, ambayo ni kabati. Tunaposema kwamba "memori ya simu imejaa picha", tunaita kabati meza. Walioandaa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walilazimika kuamua majina ya mambo kama haya. Sisi wasomaji wa fasihi tumezoea kuwaachia wanaisimu mjadala huo. Kwa maoni yangu, neno kumbukumbu libaki kwa meza na hifadhi litumike kwa kabati, kwani kama mgonjwa ni meza, kuliteketeza kabati hakumponyi. Isitoshe, programu mpya ikipitia kumbukumbu mbovu huingia diskini ikiwa na kasoro tayari.

Kumbukumbu huharibika vipi? Kila biti, yaani 0 au 1, ni chaji ndogo ya umeme iliyowekwa katika kijumba kidogo mno. Chaji hiyo huvuja daima, kwa hiyo mashine hulazimika kuijaza upya angalau mara moja katika kila milisekunde 64. Kijumba dhaifu huvuja kabla ya zamu yake, na joto huharakisha uvujaji. Anayeijua Mwingi wakati wa kiangazi, na vumbi linaloziba feni, ataelewa ni kwa nini mashine yangu ilikuwa nzima alfajiri na mgonjwa saa nane mchana.

Biti moja ni kitu kidogo, lakini tazama athari yake. Herufi p huwekwa kama 01110000, na t kama 01110100. Tofauti ni biti moja tu. Kwa hiyo "alimpenda" inaweza kuwa "alimtenda" pasi na mkono wa mtu, na kikagua tahajia kisione lolote kwa vile maneno yote mawili ni sahihi. Aliyesoma miswada ya Kiswahili katika hati ya Kiarabu anaifahamu hatari hii: nukta moja chini huleta b, mbili juu huleta t. Mhakiki wa miswada, hata hivyo, hulinganisha nakala kadhaa. Mimi nilikuwa na moja.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ni kuacha kuandika. Usifungue faili ukaihifadhi tena, kwa maana kila uhifadhi hupitisha maneno katika meza mbovu. Zima, chomoa waya wa umeme, fungua sanduku, na uguse chuma chake ili umeme tuli wa mwilini usiunguze vifaa. Pangusa vumbi kwa brashi laini. Chunguza ubao mkuu: ubao mwingi wa miaka ya mwanzo ya 2000 ulikuwa na kapasita duni, na iliyovimba kichwa au kuvuja haina tiba ila kubadilishwa. Tarehe ikirudi nyuma kila unapowasha, nunua betri ndogo ya CR2032. Hilo si jambo la kukukosesha usingizi. Diski ikigonga ko-ko-ko ni habari nyingine. Usiendelee kuijaribu.

Vibao vya kumbukumbu navyo vichomoe, usugue meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli (msasa hapana), kisha uvirudishe hadi vibanio vijifunge. Mara nyingi ugonjwa huishia hapo. Usipoisha, jaribu kibao kimoja kimoja, katika kila tundu. Kosa likimfuata kibao, kibao ndicho kibovu. Likibaki na tundu, shaka iko kwenye ubao mkuu. Programu ya Memtest86+, ambayo hujiendesha kabla ya Windows kuamka, huandika na kusoma kila kijumba. Iache usiku kucha. Mimi niliiacha usiku, ikanipa alama safi. Nikairudia mchana, na kibao cha pili kikatoa makosa katika eneo lile lile kila mara. Kosa moja linatosha kukihukumu.

Nilikitoa. Mashine ikawa ya polepole, lakini haikujizima tena. Diski niliifunga kwenye mashine nyingine nzima, nikanakili kila kitu mara mbili ndipo nikaanza kulinganisha tafsiri na Kikamba chake, mstari kwa mstari. Nimekuta maneno matatu yaliyobadilika kwa herufi moja. Sidhani ni vidole vyangu: kidole huteleza hadi kitufe cha jirani, ilhali herufi hizo ziko mbali kwenye kibodi. Ngano 8 za nyanya zimesalimika. Ya tisa maandishi yake hayafunguki, ila sauti ipo, na ninainukuu upya.