SOMO LETU: TUKIRITHI SHAMBA, TUNARITHI NINI?

Leo tujifunze kutokana na sinema iitwayo At Any Price, yaani "Kwa Gharama Yoyote". Ilitengenezwa na Ramin Bahrani wa Marekani na kuonyeshwa mwaka 2012.

Hadithi yenyewe iko Iowa, jimbo la Marekani linalolima sana mahindi na soya. Mzee Henry Whipple ana shamba la ukoo, tena anauza mbegu. Anataka wanawe walirithi. Mkubwa, Grant, amekwenda zake nchi za mbali kupanda milima. Mdogo, Dean, anataka mashindano ya magari. Shamba halitaki kabisa.

Henry anaamini kwamba mkulima asiyepanuka atakufa. Basi hata mazikoni anamfuata mfiwa ili anunue ardhi ya marehemu! Dean yupo, anaona.

Sasa tutazame mbegu. Ni mali ya kampuni kisheria: ukinunua, huruhusiwi kuweka mavuno yake yawe mbegu ya mwakani. Jambo hili si la sinema tu. Mwaka 2013 mkulima wa soya wa Indiana alishindwa kesi ya namna hiyo katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Henry anazisafisha mbegu hizo na kuziuza tena kwa siri. Wachunguzi wanafika.

Baadaye Dean, kwa hasira, anamwua kijana wa mshindani wa baba yake. Baba anamsaidia kuficha. Mwishowe Dean anashika kazi ya shamba, kama baba alivyotaka. Lakini amerithi ekari pamoja na siri nzito.

Tunajifunza nini? Shamba, duka au mashine ya kusaga hurithiwa pamoja na mwenendo wake. Madeni, mipaka yenye ugomvi na ahadi za mdomo, vyote humwangukia mrithi. Kwa hiyo tusingoje. Tumekwisha jua kusoma na kuandika. Tuchukue daftari, tuandike tunachomiliki, tunachodai na tunachodaiwa. Kisha tukae na watoto wetu, wa kike na wa kiume, tuwaulize wanataka kazi gani. Henry aliamuru tu, hakuuliza.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Kwa nini Dean hakulitaka shamba?
2. Henry alimfundisha nini mwanawe pale mazikoni?
3. Andika madeni yako yote. Nani nyumbani anayajua?