Kazi ya Msusi na Hati Zake

Apitaye katika soko la Shinyanga, au katika vijiji vya wachimba dhahabu upande wa Geita, hakosi kuona kibanda cha msusi. Humo wanawake husukwa nywele, kucha hupakwa rangi, na maharusi hupambwa. Watu wengi hudhani ya kuwa kazi hii haina elimu, na kwamba msichana mwenye vidole vyepesi, akiwa na kitana na kiti, aweza kuianza kesho. Kusuka kweli hufundishwa nyumbani na mama au dada. Lakini msusi wa siku hizi hushika na dawa, na hapo ndipo penye hatari. Baadhi ya dawa za kunyosha nywele zina kostiki soda, ile ile itumikayo kufanyiza sabuni. Ikikawia kichwani huchoma ngozi hata ikatoka vidonda.

Tena iko zebaki. Watoto wa Geita waijua: mchimbaji huichanganya na mchanga uliosagwa, nayo hushikamana na chembe za dhahabu; kisha huchomwa motoni, zebaki ikaondoka kwa mvuke, dhahabu ikabaki. Mvuke ule ni sumu. Basi sumu hiyo hiyo imo katika baadhi ya mafuta ya kujichubua, kwa kuwa huizuia ngozi isifanye rangi yake. Hupenya mwilini, ikaharibu mafigo na mishipa ya fahamu, na kwa mwenye mimba humfikia mtoto tumboni. Mara nyingi haikuandikwa juu ya kopo. Mafuta ya namna hii yamekatazwa Tanzania, na tangu mwaka 2019 kazi ya kukagua vipodozi ni ya Shirika la Viwango, yaani TBS. Msusi asiyefundishwa atajuaje la kukataa, mteja akimletea kopo lake mwenyewe?

Kwa sababu hiyo ususi na urembo hufundishwa katika vyuo vya ufundi vilivyo chini ya VETA, mamlaka iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mafunzo yana ngazi tatu, na mwanafunzi hupanda moja baada ya moja, akipimwa kwa maandishi na kwa mikono. Naye aliyejifunza kazi kibandani miaka mingi hakusahauliwa: aweza kuomba apimwe ujuzi wake, na akifaulu hupewa cheti.

Lakini cheti si leseni, na wengi huchanganya mambo haya mawili. Cheti ni cha mtu, chasema anajua kazi. Leseni ni ya biashara, hutolewa na halmashauri kwa sheria ya mwaka 1972, na mwombaji hutakiwa kwanza kuwa na namba ya mlipa kodi. Kule Marekani ni vingine, maana jimbo humpa leseni msusi mwenyewe. California, tangu mwaka 2022, yataka saa 1,000 za mafunzo kabla ya mtihani.

Hata leseni ikiisha kutundikwa ukutani, bwana afya aweza kuja. Huyo hutazama kama maji yapo, kama taulo zimefuliwa, kama mikasi husafishwa kila mteja aondokapo, na kama wembe uliomnyoa mmoja umetupwa kabla hajaketi wa pili.