Risasi ya Kuwindia Kulungu: Tazama Kichwa Kabla ya Nguvu

Kila msimu wa kuwinda kulungu unapokaribia Marekani, wanunuzi wapya huingia dukani wakiulizia risasi yenye nguvu kuliko zote. Hapo ndipo wanapoanza kukosea. Kulungu wa mkia mweupe hana ngozi nene wala mifupa mizito, na karibu kila bunduki ya kuwindia wanyama wakubwa inayouzwa huko inatosha kumwangusha. Kinachoamua kama atakufa upesi au atatokomea msituni na jeraha ni jinsi kichwa cha risasi kilivyotengenezwa, na mahali kinapompata.

Kwanza soma mtutu. Jina la risasi inayofaa limechongwa ubavuni mwake, na ni lazima lilingane neno kwa neno na lililoandikwa kwenye boksi. Risasi za .308 Winchester na .30-06 Springfield zina vichwa vya kipenyo kimoja, lakini maganda yake ni tofauti na hazibadilishani. Hatari kubwa zaidi ni ya .300 Blackout. Ganda lake limetokana na lile la .223 Remington, hivyo linaweza kuingia kwenye bunduki ya .223. Kichwa chake ni kinene kuliko tundu la mtutu huo, na ukifyatua, bunduki inaweza kupasukia usoni pako. Mwenye bunduki zote mbili asibebe risasi zake katika mfuko mmoja.

Sasa kichwa chenyewe. Cha kawaida kina kiini cha madini ya risasi kilichovikwa shaba, na ncha imeachwa wazi. Kikigonga mwili hufunguka kama uyoga, kikapanua njia ya jeraha na kuharibu mapafu. Kwa kulungu, kwa umbali wa kawaida wa msituni, hicho kinatosha na bei yake ni nafuu. Wanaotumia risasi za kasi sana huona vichwa hivyo vikivunjika mapema, kwa hiyo hupenda vile ambavyo kiini kimegandishwa na vazi lake, au vya shaba tupu. Shaba haivunjiki ovyo na hupenya sana, ila inahitaji kasi ili ifunguke. Anayepiga kutoka mbali sana asome kwanza kiwango cha chini cha kasi alichotaja mtengenezaji. Risasi ya kijeshi, iliyovikwa shaba hadi nchani, usiipeleke mawindoni kabisa. Hutoboa ikapita bila kufunguka, mnyama akafa polepole mahali usipomwona, na majimbo mengi yameikataza kwa sababu hiyo.

Uzito hupimwa kwa greni, na greni 100 ni kama gramu 6.5. Kwa .243 Winchester chukua greni 95 hadi 100. Vile vya greni 55 vimetengenezwa kupasukia wanyama wadogo, si kulungu. Kwa .270 Winchester, greni 130 zimeaminiwa tangu risasi hiyo ilipotoka mwaka 1925. Kwa .308 na .30-06, greni 150 au 165. Kuhusu .30-30, bunduki nyingi za aina hiyo hupanga risasi moja nyuma ya nyingine ndani ya bomba chini ya mtutu. Ncha kali ya chuma au shaba inaweza kugonga fataki ya risasi iliyo mbele yake na kuilipua. Nunua zenye ncha bapa, au zile za ncha laini ya plastiki zilizotengenezwa kwa ajili hiyo.

Sheria nazo hutofautiana. Colorado inataka kipenyo kisichopungua inchi .24 na kichwa cha greni 70 au zaidi kwa kulungu. California imekataza madini ya risasi katika uwindaji wote tangu Julai 2019, kwa kuwa tai wakubwa wa huko walikuwa wakila mizoga yenye vipande vyake na kufa kwa sumu. Msomaji aliyeko Marekani kwa visa ya muda, kama ya masomo, ajue kwamba sheria ya shirikisho inamkataza kushika bunduki au risasi, isipokuwa kwa vibali vichache, mojawapo leseni halali ya kuwinda.

Ukishachagua, nunua maboksi mawili au matatu ya aina ileile ukapige shabaha kwenye yadi 100, maana bunduki mbili za kiwanda kimoja zinaweza kupenda risasi tofauti. Kama teke la bunduki linakufanya ufumbe macho, shuka kwenye risasi nyepesi. Mimi ningempa mwanafunzi .243 anayoimudu kuliko .300 Magnum anayoiogopa.

Msubiri kulungu akupe ubavu, ulenge nyuma tu ya bega, theluthi ya chini ya kifua. Damu yenye povu na rangi ya waridi kwenye majani ni ya mapafu, naye hatakuwa mbali. Ikiwa na majimaji ya kijani na harufu ya tumbo, usimfukuze. Subiri saa kadhaa ndipo umfuate.

Kama ulitumia madini ya risasi, kata kwa upana nyama yote inayozunguka jeraha uitupe, kwani vipande visivyoonekana kwa macho husambaa mbali. Mwaka 2008 idara ya afya ya North Dakota ilishauri wajawazito na watoto walio chini ya miaka 6 wasile kabisa nyama ya kulungu aliyepigwa kwa risasi hizo. Penye watu kama hao nyumbani, lipa hiyo bei ya ziada ununue za shaba.