Kinga inapomgeukia mtoto

*Daktari, mwanangu wa kiume ana miezi mitano. Anaharisha tangu wiki ya tatu, ngozi imejaa ukurutu, na sasa ana kisukari. Wanasema ni jeni ya FOXP3. Je, ni maziwa yangu? – Mama Z.*

Mama, maziwa yako hayakumdhuru. Jeni hiyo hutengeneza protini inayowasha na kuzima jeni nyingine, na kwayo baadhi ya seli nyeupe za damu huwa wasuluhishi: huwatuliza askari wa kinga wasiushambulie mwili wenyewe. Jeni ikiwa na hitilafu, wasuluhishi hukosekana, na kinga hugeukia utumbo, ngozi na kongosho, ndiyo maana shida zote tatu zimekuja pamoja. Ugonjwa huu, IPEX, ulihusishwa na jeni hii mwaka 2001.

Jeni iko kwenye kromosomu ya X. Mama anaweza kubeba hitilafu yake bila kuugua. Kabla ya mimba nyingine, omba ushauri wa vinasaba.

Usikatishe insulini wala dawa za kutuliza kinga. Ulizia mapema upandikizaji wa uboho, maana ndio unaoweza kurekebisha kinga yenyewe, na uulize kabla ya chanjo yoyote. Utosi ukibonyea, nepi ikikaa kavu kwa saa sita, akipata homa au akihema haraka, mpeleke hospitali mara moja, hata kama ni usiku.