Neno Moja Kwenye Kopo la Biskuti

Mwanafunzi mmoja alituletea kopo la biskuti kutoka Hispania, zawadi ya ami yake. Katika orodha ya vilivyomo tulikuta neno "manteca". Tukalitafuta kwenye intaneti, jibu la kwanza likasema ni siagi. Nusura tule!

Tulipoendelea kusoma tukaona kuwa Argentina manteca ni siagi kweli, lakini Hispania na Mexico kwa kawaida ni mafuta ya nguruwe, aliyeharamishwa katika Suratul Baqara, aya ya 173. Basi tazameni kwanza chakula kimetoka nchi gani, kisha someni maneno yanayofuata. "Manteca de cerdo" ni ya nguruwe. "Manteca de cacao" ni mafuta ya kakao, hayana neno.

Gelatini ni ngumu zaidi. Kamusi itawaambia hutokana na ngozi na mifupa, lakini haitawaambia ni ya mnyama gani, wala kama alichinjwa kisheria. Hapo tafuteni alama ya halali, ama muulizeni mtengenezaji.

Zile biskuti hatukuzila. Mwenyewe alisikitika, maana kopo lilikuwa zuri. Sasa anawekea penseli.