Maumivu ya Kisigino kwa Mwanamichezo Anayekua

Swali la safari hii limetoka kwa mzazi ambaye mwanawe wa miaka 11, mchezaji wa timu ya shule, huchechemea kwa maumivu ya kisigino kila baada ya mazoezi. Anauliza iwapo mtoto aachishwe mpira kabisa, au achuliwe kwa dawa na kuendelea kucheza.

Katika umri huo, chanzo cha kawaida cha maumivu ya nyuma ya kisigino ni hali iliyopewa jina la James Warren Sever, daktari wa mifupa wa Marekani aliyeieleza mwaka 1912. Ingawa huitwa ugonjwa, haisababishwi na vijidudu, haiambukizi, wala kwa kawaida haiachi kilema. Mfupa wa kisigino cha mtoto bado haujawa kipande kimoja, kwani sehemu yake ya nyuma imeunganishwa na sehemu kuu kwa tabaka la gegedu, yaani tishu laini kuliko mfupa ambayo ndiyo inayoukuza. Hapo ndipo inapojishikiza kano nene itokayo kwenye misuli ya kigimbi, na mtoto anaporefuka kwa kasi, misuli hiyo hukaza, hivyo kila mbio na kila mruko huvuta na kugonga sehemu ambayo haijakomaa. Wasichana hupatwa mapema kidogo kuliko wavulana, kwa kuwa hubalehe mapema. Na mfupa ukishaungana, takriban katika umri wa miaka 15, tatizo hukoma.

Si ajabu, basi, kwamba malalamiko huongezeka pale timu zinapojiandaa kwa UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi Tanzania, mazoezi yanapoongezwa ghafla juu ya uwanja mgumu, tena kwa daluga zenye soli nyembamba na meno yanayokandamiza kisigino. Mwalimu anayemwita mtoto huyo mvivu anamwonea.

Daktari hulitambua tatizo kwa mikono yake: huubana mfupa wa kisigino kwa pande zote mbili, wa ndani na wa nje, kisha humtaka mtoto asimame kwa vidole, na maumivu yakizuka hapo, jibu huwa limekaribia kupatikana. Picha ya eksirei mara nyingi haihitajiki, maana hata kisigino kizima cha mtoto huweza kuonekana kama kimevunjika vipande, jambo linalowatia wazazi hofu bure.

Kuhusu swali lenyewe, kuachishwa michezo kabisa si lazima kwa walio wengi, ila mazoezi yapunguzwe hadi kiwango ambacho mtoto hachechemei wakati wa kucheza wala asubuhi inayofuata, na anayechechemea apumzishwe. Baada ya mazoezi, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa iwekwe kisiginoni kwa dakika 15, na ndani ya viatu vyote viwili, raba za shule zikiwamo, itiwe pedi laini inayoinua kisigino kidogo ili kupunguza mvuto wa kano. Maumivu makali yakishatulia, mtoto anyooshe vigimbi kila siku: asimame akiegemea ukuta, mguu mmoja nyuma, goti likiwa limenyooka na kisigino kikiwa chini, akae hivyo kwa sekunde 30, kisha abadilishe mguu. Wengi hupata nafuu baada ya wiki kadhaa, wengine baada ya miezi, na maumivu huweza kurudi mtoto anaporefuka tena.

Kukichua kisigino kwa nguvu hakufai, kwa sababu huongeza msukosuko juu ya sehemu ambayo tayari imechoka, na sindano za steroidi kisiginoni hazina nafasi hapa. Dawa ya maumivu hutolewa kwa kipimo cha umri na uzito, lakini kummezesha mtoto vidonge ili amalize mechi ni kosa kubwa, kwani huficha onyo ambalo mwili unalitoa.

Si kila kisigino kinachouma, hata hivyo, ni cha hali hii. Maumivu yanayomwamsha mtoto usiku, yaliyoanza baada ya kuanguka, au yanayoambatana na uvimbe, wekundu, homa au kukonda, yanataka uchunguzi wa haraka. Mtoto mwenye selimundu anayelalamika maumivu ya mfupa huku akiwa na homa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa yeye hupata uambukizi wa mfupa kwa urahisi zaidi kuliko wenzake.